Kuchagua Tochi ya Kukagulia Rangi ya Gari



Somo letu la safari hii ni la wale wanaofanya kazi ya rangi: wanaopiga msasa, wanaopulizia rangi, wanaopiga polishi na wanaoosha magari kabla ya kukabidhiwa wenyewe. Ndugu hawa wamo katika viwanda vya kuunganisha magari, wamo katika gereji za mjini, na wamo pia katika karakana za mashamba makubwa, ambako malori, matrekta na magari ya mameneja hupakwa rangi upya. Lakini hata ndugu wa idara nyingine tunawaomba wasome, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sote: kazi ya mtu inapimwa kwa chombo gani, na chombo hicho kiko mkononi mwa nani.

Tuanze na jambo lililotokea. Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, ndugu yetu mmoja alipiga polishi gari dogo jeusi tangu asubuhi hadi jioni. Chini ya taa za karakana gari liling'aa kama kioo. Nyapara alilitazama, akaridhika, likaoshwa, likatolewa. Kesho yake saa sita mchana mwenye gari akarudi kwa hasira. Juani boneti ilionyesha duara ndani ya duara, kama utando wa buibui. Nyapara akasema, "Haya maduara ni ya mashine yako." Ndugu yetu akakatwa mshahara wa siku mbili, na kazi akairudia siku ya mapumziko bila malipo. Hakuwa na la kujibu, kwa maana hata yeye alikuwa akiyaona maduara yale kwa mara ya kwanza.

Baadaye, tulipojifunza habari za mwanga, tulitambua ya kuwa mashine yake haikuyachora maduara yale. Lakini siku ile hapakuwa na mtu aliyejua, wala hapakuwa na tochi ya kuthibitisha. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

1. KWA NINI JUA LINAFICHUA NA TAA ZA KARAKANA ZINAFICHA

Rangi ya gari iliyong'arishwa ni kama kioo. Mwanga ukiipiga, huruka kwa pembe ileile uliyojia. Mkwaruzo mdogo ni mfereji mwembamba katika kioo hicho, na kingo zake huurusha mwanga upande mwingine. Ili jicho liuone mfereji huo, mwanga hauna budi kutoka mahali padogo, na pande zinazozunguka mwanga ziwe na giza kidogo.

Jua ni kubwa mno, lakini kwa kuwa liko mbali sana tunaliona dogo. Upana wake angani ni sawa na kitu cha milimita 9 kikitazamwa kutoka mita moja. Taa ndefu za mirija zilizotundikwa darini ni kinyume chake. Mwanga wao hutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, hivyo kila mkwaruzo huangazwa kutoka pande nyingi, na tofauti kati ya mkwaruzo na rangi safi hupotea. Siku ya mawingu ni vivyo hivyo, kwani anga lote huwa ni taa moja kubwa.

Kwa hiyo tochi ndogo ni jua la mkononi. Si kwamba ina nguvu za jua. Hapa tufahamu vipimo viwili. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika taa. Luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Jua la mchana lisilo na wingu hutoa kiasi cha luksi 100,000. Tochi ya lumeni 300, ikimulika duara lenye upana wa sentimita 30, hutoa luksi 4,000 na kidogo tu. Hata hivyo inafichua yale yale yanayofichuliwa na jua, kwa sababu mwanga wake unatoka mahali padogo.

Sasa turudi kwenye yale maduara. Mkwaruzo humrudishia mtazamaji mwanga pale tu unapokuwa umeukingama mwanga. Gari lililofutwa kwa kitambaa chenye vumbi lina maelfu ya mikwaruzo midogo, na kila mmoja umeelekea kwake. Jicho huiona ile tu iliyolala vizuri kuzunguka doa la mwanga, na hiyo kwa pamoja huonekana kama maduara. Sogeza tochi, na maduara yataifuata tochi. Sogea wewe, na yatakufuata wewe. Kama yangekuwa yamechorwa na mashine, yasingehama.

Alama za mashine ya polishi ni za namna nyingine. Huonekana kama mikanda au mawimbi yaliyofuata njia aliyopita fundi. Zinang'aa na kufifia unapobadili pembe ya tochi, lakini mahali pake ni palepale. Mtu aliyeziona mara mbili au tatu kwa tochi hazichanganyi tena na mikwaruzo ya kuosha.

Basi maduara yaliyoonekana juani yalitokana na moja kati ya mambo mawili. Ama ilikuwa mikwaruzo ya zamani, ambayo mafuta ya polishi yaliijaza kwa muda na maji yakayaondoa mafuta hayo. Ama gari lilikwaruzwa wakati wa kuoshwa, baada ya ndugu yetu kumaliza. La kwanza lingekuwa upungufu wa kazi yake, na angelirekebisha jioni ileile kama angeliona. La pili halikuwa lake kabisa.

2. LITAJE KOSA KABLA YA KUMTAJA MKOSAJI

Rangi ya gari la kiwandani ina tabaka kadhaa: tabaka la kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na juu yake vanishi isiyo na rangi. Tabaka zote pamoja kwa kawaida hazizidi sana mikroni 100 hadi 150, na vanishi peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50. Mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Kwa hiyo vanishi yote ya gari ni nyembamba kama unywele, na kila kosa linalozungumzwa katika somo hili limo ndani ya unene huo. Malori na matrekta ya zamani mara nyingi hayana vanishi. Ukiyapiga polishi, kitambaa huchukua rangi ya gari.

Makosa tunayokutana nayo zaidi ni haya:

(a) Mikwaruzo ya kuosha. Tumekwisha kuieleza. Vumbi la barabara lina chembe ngumu za mchanga, na kitambaa kikavu huziburuta juu ya vanishi.

(b) Alama za mashine. Hutokana na sufi au sponji chafu, dawa kali isiyofuatiwa na dawa laini, au mashine kuinamishwa upande mmoja.

(c) Alama za msasa. Ni mistari iliyonyooka, au vijipinda vidogo kama mkia wa nguruwe ikiwa msasa ulikuwa wa mashine. Maana yake msasa mkali haukufuatiwa na msasa laini wa kutosha, au chembe ngumu ilinaswa chini ya msasa.

(d) Ganda la chungwa. Uso wa rangi una vinundu kama chungwa. Rangi ilikuwa nzito, au upepo haukutosha, au kipulizio kilishikwa mbali, au thina ilikauka upesi mno kwa joto la siku ile.

(e) Rangi iliyotiririka. Ilipulizwa nyingi mahali pamoja, au kwa karibu mno, au ilikuwa nyepesi mno.

(f) Vishimo vidogo vya mviringo. Rangi imekimbia mafuta, nta au silikoni. Mara nyingine mafuta hayo hutoka katika mashine ya upepo yenyewe.

(g) Punje za vumbi zilizonaswa ndani ya rangi. Chumba kilikuwa kichafu, au vichujio vya hewa vimeziba.

(h) Mbonyeo na mawimbi. Hii si kazi ya rangi bali ya bodi: puti haikusawazishwa vizuri.

Tazameni orodha hii kwa makini. Makosa ya (f) na (g) mara nyingi chanzo chake ni mashine ya upepo isiyotunzwa na vichujio visivyobadilishwa. Kununua vichujio si kazi ya mpulizaji. Lakini pasipo mtu kuliona kosa vizuri na kulitaja kwa jina lake, lawama humwangukia aliyeligusa gari mwisho.

3. MAMBO SITA YA KUTAZAMA KATIKA TOCHI

Kwanza, ukubwa wa chanzo cha mwanga. Kwa mikwaruzo na alama za mashine chagua tochi yenye taa moja ndogo, si ubao wenye taa nyingi zilizopangwa. Ule ubao, au taa ya mrija, unafaa kwa kazi nyingine: ukitazama taswira yake ndani ya rangi, kingo zake zikionekana zimepinda, hapo pana ganda la chungwa au mbonyeo. Karakana kamili huwa na vyote viwili. Ikibidi kuanza na kimoja, idara ya polishi ianze na tochi, na idara ya bodi ianze na taa ya mrija.

Pili, usawa wa mwanga. Mulika ukuta mweupe. Doa la mwanga liwe na kitovu kinachofifia taratibu kuelekea nje. Ikiwa kuna pete za giza, au katikati ni buluu na pembeni ni njano, pete hizo utaziona pia juu ya gari, na utadhani ni kosa la rangi.

Tatu, nguvu. Wengi wanadhani tochi kali kuliko zote ndiyo bora. Sivyo. Kwa kutazama gari kwa umbali wa nusu mita hadi mita moja, lumeni mia chache zinatosha. Juu ya gari jeupe mwanga mkali mno humpofusha mtazamaji na mikwaruzo hupotea. Afadhali tochi yenye nguvu mbili au tatu za kubadilisha. Kumbukeni pia ya kuwa ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo.

Nne, rangi ya mwanga. Hupimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya waya ina kiasi cha kelvini 2,700, nayo ni ya manjano. Mwanga wa mchana uko kati ya kelvini 5,000 na 6,500, na ni mweupe. Kwa kazi nyingi chagua tochi iliyo karibu na mwanga wa mchana. Ziko tochi zinazobadilika kutoka manjano hadi nyeupe, nazo ni msaada kwa magari meupe na ya rangi ya fedha, ambayo ni magumu kukagua: kinachofichika katika mwanga mmoja huweza kuonekana katika mwingine.

Tano, uaminifu wa rangi. Tochi mbili zaweza kuwa nyeupe sawasawa, lakini moja ikaonyesha nyekundu kuwa nyekundu, na nyingine ikaionyesha kuwa kahawia. Kipimo chake huandikwa CRI, na kikomo chake ni 100. Kwa kutafuta mikwaruzo tu kipimo hiki si cha lazima sana. Lakini kwa kulinganisha rangi, kwa mfano mlango uliopakwa upya na mlango wa zamani, tafuta tochi yenye CRI ya 95 au zaidi. Rangi mbili zaweza kulingana chini ya taa moja na kutofautiana kabisa chini ya jua. Mafundi wengi wameingia hasara kwa sababu hiyo.

Sita, betri na umbo. Msiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi bila kufikiri. Chini ya kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga unaposhuka kufikia sehemu moja katika kumi ya mwanga wa mwanzo. Tochi inayosemwa kuwaka saa 8 yaweza kuwa imefifia sana kabla ya zamu kwisha. Inayofaa ni ile inayoshika nguvu yake, na yenye betri ya kuchaji inayoweza kubadilishwa. Umbo liwe la kushikika kwa mkono wenye glavu, lisiwe na chuma chenye ncha, kwa maana tochi ikiteleza itaharibu kile kile ilichokuja kukagua. Kuhusu maji na vumbi, tazama herufi IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. IP65 inatosha kwa karakana.

Tochi karibu zote za leo zinatumia taa za LED. Mwanga wake mweupe uliwezekana baada ya kupatikana LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapa wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Shuji Nakamura alikuwa mwajiriwa wa kampuni wakati alipovumbua, na zawadi aliyopewa ilikuwa yen 20,000. Aliishitaki kampuni mwaka 2001, na mwaka 2005 walipatana alipwe zaidi ya yen milioni 800. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tochi tunayoizungumza nayo ni jasho la mfanyakazi aliyebidi kudai haki yake.

4. KUJARIBU TOCHI KABLA YA KUINUNUA

Hamhitaji vyombo vya kupimia. Chukueni kipande cha mlango au boneti nyeusi iliyokwisha kukwaruzwa, iliyotupwa nyuma ya karakana. Ioshwe vizuri. Mulikeni kwa kila tochi mnayotaka kuijaribu, moja baada ya nyingine, mahali penye kivuli. Tochi inayoonyesha mikwaruzo mingi zaidi bila kuumiza macho ndiyo bora kwa kazi hiyo. Halafu mulikeni kiganja cha mkono na kitambaa chekundu: ikiwa ngozi inaonekana ya kijivu kama ya mgonjwa, CRI yake ni ndogo. Mwisho iacheni iwake kwa nusu saa, mkalinganishe tena. Majaribio haya matatu yanasema kweli zaidi kuliko maandishi ya boksi.

Kipande kile kisitupwe. Kihifadhiwe stoo kiwe cha kufundishia wanafunzi wa kazi.

5. JINSI YA KUKAGUA

Zimeni taa za juu ikiwezekana, au pelekeni gari penye kivuli. Shika tochi kwa umbali wa mkono, usimulike kwa pembe moja tu. Usilitazame doa lenyewe la mwanga. Tazama pembeni mwake, hapo ndipo mikwaruzo huonekana. Pita polepole, sehemu baada ya sehemu, kwa mpango mmoja kila siku: boneti, mabawa, milango, paa, nyuma. Kisha rudia kutoka upande wa pili, kwa sababu mkwaruzo usioonekana kutoka kushoto huweza kuonekana kutoka kulia.

Ukaguzi ufanyike mara nne.

Mara ya kwanza ni wakati gari linapopokelewa, mbele ya dereva au mwenyewe. Hili ni muhimu kuliko yote. Magari mengi yaliyotumika hushushwa kutoka Japani katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, yakasafiri hadi Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo. Yanafika yamekwisha kufutwa vumbi mara nyingi njiani, na kila mara kwa kitambaa cha aina yake. Yaliyoonekana yaandikwe katika kadi ya kazi, na pande zote mbili zitie sahihi.

Mara ya pili ni baada ya dawa ya kwanza ya polishi. Futa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili kuondoa mafuta yaliyojaza mikwaruzo, ndipo umulike. Bila hivyo unakagua mafuta, hukagui rangi. Lakini rangi mpya ambayo haijakomaa isifutwe kwa spiriti. Ukaguzi huu pia hukuambia wakati wa kuacha. Kila mpigo mkali wa polishi hupunguza vanishi, na vanishi ikiisha hairudishwi kwa polishi. Mkwaruzo mmoja wa ndani uliobaki ni afadhali kuliko boneti iliyochomwa.

Mara ya tatu ni baada ya kazi kwisha, kabla ya kuosha. Mara ya nne ni baada ya kuosha, wakati wa kukabidhi. Mkifanya hivyo kila kosa litajulikana limeingia kati ya ukaguzi upi na upi. Ndugu wa idara ya kuosha wasidhani tunawatega. Kadi hiyohiyo itawalinda wao pia wasibebeshwe ya wapiga polishi.

6. USALAMA

Hapa hatuna budi kusema kwa nguvu. Hewa ya chumba cha kupulizia rangi ina mvuke wa thina, na mvuke huo huwaka. Tochi ya kawaida haifai kuingizwa humo wakati rangi inapulizwa au mvuke ungalipo, kwa maana cheche ndogo ya swichi au betri inatosha kuleta mlipuko. Tochi ya humo ni ile iliyopimwa na kuidhinishwa kwa mahali penye mvuke wa kulipuka. Katika bidhaa za Ulaya ina alama ya herufi Ex ndani ya umbo la pembe sita. Bei yake ni kubwa zaidi. Maisha ya mtu ni ghali kuliko tochi.

Jambo la pili ni barakoa. Rangi nyingi za kuchanganywa na dawa ya kukaushia zina isosianeti, ambayo huleta pumu kwa wafanyakazi. Mtu aliyekwisha kuipata pumu hiyo anaweza kushikwa hata kwa kiasi kidogo kabisa. Iko desturi mbaya ya mpulizaji kufunua kinga ya uso mara tu anapomaliza, ili aone kama kazi imetoka vizuri. Ukungu wa rangi hauonekani kwa macho, lakini ungalimo chumbani. Ukaguzi usubiri mpaka feni zimesafisha hewa, au ufanywe mpulizaji akiwa bado amevaa kinga yake.

Tatu, msimmulike mwenzenu machoni, hata kwa mzaha. Anayekagua zamu nzima apumzishwe na kubadilishana na mwenzake, kwa sababu jicho lililochoka halioni. Nne, betri za lithiamu zisichajiwe ndani ya chumba cha rangi, zisitumie chaja isiyo yake, wala zisiachwe juani ndani ya gari lililofungwa.

7. NANI ANUNUE?

Wengine watasema: mafundi wajinunulie tochi, si chombo chao? Sisi tunaona hivi. Tochi ya kukagulia ni chombo cha kazi kama mashine ya polishi ilivyo. Bidhaa anayoiuza mwajiri ndiyo inayokaguliwa, basi chombo cha kukagulia na kiwe katika hesabu ya stoo yake. Na pale ambapo tochi lazima iwe ya kutolipuka, hiyo ni hatua ya usalama. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema ya kuwa hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Kuhusu kukatwa mshahara, Mkataba namba 95 wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unasema makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya nyapara haimo katika orodha hiyo. Kila tawi litazame sheria ya kazi ya nchi yake inasemaje, kisha lidai katika mkataba wa pamoja mambo matatu: tochi inunuliwe na mwajiri, kadi ya ukaguzi itumike kwa kila gari, na pasiwe na lawama ya kosa la rangi bila gari kutazamwa kwa tochi, fundi mwenyewe na mwakilishi wa tawi wakiwapo.

Katika karakana tuliyoitaja mwanzo, tawi lilidai tochi na kadi, na vyote vikapatikana. Siku nyingi hazikupita, gari jingine likarudishwa likiwa na maduara. Safari hii ndugu yetu hakubishana. Alichukua tochi, akamwita nyapara, akaisogeza polepole juu ya boneti. Maduara yakaifuata tochi. Wakaifungua kadi: ukaguzi wa tatu ulikuwa safi. Basi wakaenda kutazama ndoo na vitambaa vya kuoshea, wakakuta mchanga chini ya ndoo. Hakukatwa mtu mshahara. Vilinunuliwa vitambaa vipya na ndoo ya pili ya kusuuzia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika karakana yenu kazi ya rangi hukaguliwa chini ya mwanga gani, na nani huikagua?

2. Mnatofautishaje maduara ya kuosha na alama za mashine? Jaribuni kwa kipande cha boneti ya zamani.

3. Taja makosa mawili ya rangi ambayo chanzo chake ni vifaa visivyotunzwa. Je, katika kituo chenu makosa hayo huandikwa kwa jina la nani?

4. Chumba chenu cha kupulizia rangi kina tochi ya namna gani? Ina alama ya Ex?

5. Mkataba wenu wa pamoja unasema nini juu ya makato ya mshahara kwa kazi iliyoharibika? Kama hausemi kitu, tawi lipeleke pendekezo gani?

Majibu yaandikwe na katibu wa kikundi na yasomwe katika mkutano wa tawi.